Ndege Iliyoshuka na Maji

Jumatatu, 30 Julai 1956

Sombe tena. Wifi Mariamu ameleta majani ya mihogo asubuhi, akayatupa kwenye kinu, akaondoka bila kukaa. Nimetwanga peke yangu. Nimepika chungu cha watu wawili, mkono bado haujajua kupika kwa mmoja. Nimekula kidogo. Kilichobaki nimekipakua, nikakifunika, nikakiweka mahali pa mume wangu Amisi.

Nipo ndani ya eda. Sitoki uani, sipaki wanja, sivai nguo ya rangi. Watu wanadhani ugumu wa eda ni kukaa ndani. Uongo. Ugumu ni kukosa mtu wa kubishana naye. Amisi alikuwa mbishi, hata chumvi alibishana nayo.

Naandika katika daftari la marehemu baba, aliyekuwa karani Kasongo. Alinifundisha herufi mwenyewe nyumbani, mama akinung'unika kwamba kalamu haisongi ugali. Kurasa nyingi alikuwa hajazigusa.

Alhamisi, 2 Agosti

Joto. Mto umeshuka sana, michanga imetokeza katikati. Naona kupitia ufa wa ua wangu wa matete. Nyumba yetu iko juu kabisa ya bandari ya Nyangwe, Amisi aliipenda kwa sababu hiyo. Sasa ninalazimika kuutazama mto huo huo uliomla.

Alikuwa nahodha wa mtumbwi wa kuvusha watu. Siku chache baada ya Idi, maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya michikichi, mtumbwi ulipinduka. Abiria waliogelea. Yeye alionekana mara moja, mkono tu, basi. Mashahidi wawili. Mwalimu Salumu wa chuo cha Kurani akasema yatosha, nianze eda.

Maiti hatukuipata. Wagenya, wavuvi na wapiga makafi wa hapa, wana sheria yao ya mto. Aliyechukuliwa na maji anatafutwa mpaka mkubwa wa wanawake wanaomlilia aseme basi. Akisema, mzee Yuma, mkubwa wa wapiga makafi, anamwaga unga wa mihogo juu ya maji na kutaja jina. Mto umefungwa. Hakuna upondo utakaogusa chini kwa jina hilo tena, milele. Na mto ukiwa wazi, mlango wa aliyepotea nao hautiwi komeo, maana huenda akarudi amelowa, akakuta kumefungwa.

Mariamu ndiye aliyesema basi. Dada mkubwa, damu yake. Siku ya nne tu! Mimi nilikuwa mke, yaani mtu wa kuja.

Komeo langu limeegemea ukutani tangu siku ile. Mariamu analiona, anasonya. Sijalitia. Unga wao hawakuumwaga kwa mkono wangu.

Jumapili, 5 Agosti

Hakuna kitu. Nimefagia ua mara mbili.

Jumatano, 8 Agosti

Kinu nimekiacha na majani ndani. Niandike hivyo hivyo.

Nilikuwa natwanga. Nikasikia ndege. Zinapita, tumezizoea, zinakwenda Kindu au Bukavu. Lakini hii ilikuwa na sauti ya mtu mwenye kikohozi. Nikaenda kwenye ufa. Ndege kubwa ya abiria, chini mno, bawa moja linatoa moshi mweusi na panga la injini ya upande huo limesimama. Ilielekea Kasongo kwenye uwanja. Ikashindwa. Ikageuka polepole juu ya ng'ambo, ikarudi kwetu, na panga la pili nalo likakata kelele. Kimya. Kitu kikubwa namna ile, bila sauti. Nilishika matete mpaka yakanikata.

Nilidhani itaanguka juu ya nyumba. Haikuanguka. Ilishuka kwa kufuata mto, kwenye mkondo wenye kina, kati ya mchanga na ukingo wetu. Ilikuwa ikienda na maji, si kupambana nayo. Mkia uligusa kwanza, kama bata. Halafu tumbo. Maji yakasimama pande zote mbili, sikuona kitu. Yalipolala, ndege ilikuwa inaelea yenyewe, inateleza, na mtu aliyekuwa ndani bado anaiongoza, maana pua iligeuka taratibu ikapanda kwenye mchanga wa katikati, ikasimama. Mkia ukabaki juu ya shimo lenye kina.

Milango ikafunguliwa. Watu wakatoka juu ya mabawa, wazungu, wanawake wenye kofia, mmoja amekumbatia mkoba. Wagenya walishafika. Mitumbwi yote ya Nyangwe ilikuwa pale kabla sijamaliza kusema Lailaha. Wakawachukua wote.

Wa mwisho alitoka mwanaume mrefu, damu usoni. Piloti. Alirudi ndani. Akatoka. Akarudi tena, maji yakiwa kifuani. Nikasema moyoni, mjinga huyu, toka! Akatoka peke yake.

Mji mzima uko bandarini, wanapiga vigelegele. Mimi nipo na kinu. Mto umewarudisha wageni wote hao hai, na wangu hata mfupa haukunipa. Nimelia kwa hasira, si kwa huruma.

Alhamisi, 9 Agosti

Mariamu amekuja na habari, leo amekaa. Habari tamu humkalisha.

Wageni wamelala kwenye nyumba ya serikali ya wasafiri. Hakuna aliyekufa, anasema. Halafu akasema, isipokuwa mmoja, mtu mweusi. Karani Mkasai, anaitwa Kabeya, alikuwa anakwenda Bukavu kuanza kazi. Alikaa nyuma. Ndege ilipotua piloti alimpigia kelele afungue mlango wa nyuma. Aliufungua. Watu wakapitia kwake, akiwasukuma juu. Halafu mkia ukazama kidogo na hakuonekana tena.

Habari hizi kazitoa Albert, mpishi wa nyumba ya wasafiri, Mbangubangu kwa kabila, kwao Wamaza, Mkristo, anajua Kifaransa.

Wapiga makafi wamempa piloti jina. Wanamwita Shuka-na-Mayi. Mzee Yuma amesema mbele ya watu, "Ule muzungu anajua mayi. Mujinga angepandisha. Yeye ameshuka nayo." Kwa Yuma hiyo ni sifa kubwa kuliko nishani.

Ijumaa, 10 Agosti

Malori mawili kutoka Kasongo. Bwana mkubwa wa serikali amehesabu watu wake, amempa Yuma chumvi na mablanketi, amepiga picha ndege. Wasafiri wamepakiwa. Kabla ya adhuhuri vumbi tu.

Piloti hakupanda. Albert anasema walibishana sana. Bwana mkubwa alisema mtu mmoja tu, mto ni mkubwa, tutaandika ripoti. Piloti akasema, mimi ndiye nilimwambia aende nyuma.

Alasiri nilimwona chini ya ua wangu, amekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa juu chini, kichwa kimefungwa bendeji, anatazama maji. Alikaa mpaka kiza. Hajui kama kuna mtu nyuma yake. Nilikaa naye mpaka kiza, ukipenda kuita hivyo.

Jumapili, 12 Agosti

Kila siku anakwenda na Wagenya. Wanachoma chini kwa pondo, wanatafuta mbele zaidi mto unakoelekea, kwenye mchanga tunaouita Kibombo, kule ambako mto hutapika watu wake. Wamezoea kutafuta huko. Hata Amisi walimtafuta huko. Piloti mwenyewe anapiga mbizi kwa mkono mmoja, wa pili umeumia. Anatoka bluu. Wanamvuta kama samaki.

Nina wivu, nikubali. Amisi hakukaliwa bandarini hivi. Ndugu zake walikwenda kula hitima.

Jioni nilipakua sahani ya Amisi. Nikaitazama. Halafu nikamwita Albert kutoka nyuma ya ua, nikampa ampelekee yule bwana. Ugali, sombe, samaki mkavu. Sijui kwa nini. Chakula kile kilikuwa kinanuka upweke, kikaliwe na mtu.

Jumatatu, 13 Agosti

Sahani imerudi. Imeoshwa vibaya, mafuta ya mawese bado pembeni. Yaonekana ameiosha mwenyewe mtoni. Nimecheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Halafu nikalipia kicheko. Mtu ametoka Kabambare na salamu za kaka yangu Feruzi. Eda ikiisha anakuja kunichukua, nyumba ipo, shamba la mpunga lipo. Anauliza nangoja nini tena Nyangwe. Ni kaka mwema. Nitamjibu nini? Kwamba siwezi kuhama kwa sababu mume wangu hajui njia ya Kabambare?

Sina kaburi. Mjane mwenye kaburi anaondoka, anaaga, anajua amemwacha wapi. Mimi nikiondoka nitakuwa nimemtoroka. Nataka kitu cha kuzika, hata kidole. Nimeomba hilo tu, na Mungu anajua sikuomba kingine.

Jumanne, 14 Agosti

Albert amekuja uani, amesimama nje akinyunyiza maneno juu ya ua. Kesho Yuma anaufunga mto. Kabeya hana mwanamke wa kumlilia hapa, na asiyeliliwa hupewa siku saba tu. Piloti aliposikia alitaka kulipa. Yuma alikasirika. Mto si soko.

Piloti akauliza, mwanamke akipatikana? Yuma akajibu kwamba akipatikana wa kukaa chini kwa ajili yake, mto uko wazi mpaka huyo mwanamke aseme basi.

"Ana bibi, mke wa ndoa, kule Luluaburg," Albert akasema, "lakini Luluaburg iko mbali, Mama Zaina."

Mbali. Anajua nini huyo kuhusu mbali. Kwao mwenyewe Wamaza ni mwendo wa miguu tu na haendi, anasema hana mtu tena kule.

Nimekaa na jambo hili mchana wote. Nitalisema wazi hapa, kwa kuwa hakuna msomaji. Mto wa Amisi umefungwa, hauwezi kufunguliwa kwa jina lake. Lakini mto wa Kabeya ni mto huo huo. Na safari hii hakuna wifi mkubwa wa kusema basi. Namtafuta nani? Sijui. Nimejiuliza mara tatu na kila mara jibu linatoka na sura mbili.

Nimemwita Mwalimu Salumu. Amesimama nyuma ya pazia. Nikasikia tasbihi. Akasema mwanamke haruhusiwi kumwombolezea mtu asiye mume wake zaidi ya siku tatu. Na wa eda hutoka mchana tu, kwa haja. Nikamwuliza, je, mtu kukosa wa kumlilia ni haja? Akakohoa. Akasema, "Siku tatu, Zaina. Na mwenzako akufuate."

Jumatano, 15 Agosti

Nimetoka.

Jua lilinipiga kama kofi. Nilivaa nguo yangu nyeupe ya eda, nikajifunika, nikashuka bandarini na mkeka. Mariamu alikuwa nyuma yangu akitukana. "Zaina, uko na wazimu? Unalilia kafiri wa Kasai mu eda ya ndugu yangu?" Bandari yote ilisikia. Akaapa hataniletea hata jani. Lakini alifuata, kwa kuwa Mwalimu alisema nisiwe peke yangu. Alikaa mbali, mgongo kwangu.

Yuma alikuwa ameshashika bakuli la unga. Nilikaa chini kwenye udongo, si juu ya mkeka, ndivyo inavyotakiwa. Nikataja jina kwa sauti. Kabeya. Jina la mtu nisiyemjua uso. Nilidhani machozi yatakataa. Hayakukataa, yalikuwepo, yalikuwa yanangoja kupewa jina.

 Yuma akamrudishia mke wake bakuli. Akaita watu wake.

Piloti alivua kofia. Hakunisogelea, Albert lazima alimwonya. Alipanda mtumbwi.

Wametafuta mpaka alasiri. Hakuna.

Alhamisi, 16 Agosti

Hakuna. Wanawake waliokuja kuchota maji walipita wakinong'ona. Mmoja akasema, akiinua sauti ili nisikie, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, naona Zaina ameuzoea mzigo mwepesi. Sikugeuka. Mguu mmoja ulikufa ganzi.

Wamekwenda tena Kibombo. Nimemwambia Albert awaulize, kwa nini mnaanza kule mnakozoea? Kabeya alipotelea kwenye mkia, na mkia uko juu ya shimo. Albert akarudi. Yuma anasema shimo lina mti mkubwa uliolala chini, unakamata watu, hakuna anayeuingia. Piloti amesema yeye ataingia. Yuma amesema basi kesho watakwenda wote, ni aibu kumwachia mgeni.

Jioni Mariamu hakuleta majani. Lakini nilikuta kuni mpya mlangoni. Amelitazama komeo ukutani, hakusonya.

Nimechoka. Kesho siku yangu ya mwisho. Nikikosa, nitasema basi kwa ajili ya mtu ambaye mke wake hakunituma. Naogopa hilo.

Ijumaa, 17 Agosti

Wamempata.

Sijui niandike vipi. Polepole.

Asubuhi walifunga mitumbwi minne pamoja juu ya shimo, chini ya mkia wa ndege. Wakateremsha kamba. Kijana mmoja wa Yuma akazama, akatoka, akatikisa kichwa. Piloti akazama. Akakaa. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa nguo. Akatoka, akasema neno kwa Albert. Wakazama watatu na kisu.

Walichotoa kilikuwa kimefungwa ndani ya blanketi la serikali kabla sijakiona. Nikasema moyoni, Kabeya, ahsante, mke wako atajua ulipo. Nikasimama ili niseme basi.

Yuma akaja ufukweni. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Mariamu. Akampa kitu mkononi. Mariamu alikitazama, akakaa chini pale alipokuwa amesimama, katika maji. Halafu akaja kwangu akitembea kwa magoti yake, mwanamke mwenye umri ule.

Mkanda. Mkanda wa ngozi wa baba, aliompa Amisi siku ya harusi. Amisi alikuwa mwembamba, haukumkaa. Nilitoboa tundu moja zaidi kwa msumari wa moto. Lilikwenda upande. Alinicheka miaka yote kwa tundu lile lililopinda. Lilikuwa pale. Tawi la ule mti lilikuwa limeushika mkanda kwa nyuma, tangu maji makubwa.

Mariamu akasema, na nikamsikia kwa mara ya kwanza tangu Idi, "Niliogopa, Zaina. Mayi ilikuwa inachukua watu. Watoto wa watu walikuwa mu mtumbwi wakimutafuta. Nikasema basi. Ndugu yangu, nikasema basi."

Nilimshika. Tulilia mpaka tukapiga kelele, na hakuna aliyetuambia tunyamaze.

Alizikwa kabla ya magharibi. Sanda, swala. Mimi nilirudi uani, eda ni eda. Nilisikia sauti za wanaume zikipita na jeneza nyuma ya nyumba na nikajua wamefika mti wa mchikichi, halafu msikiti, halafu makaburini. Nilimsindikiza kwa masikio.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimelala mchana kutwa.

Albert anasema piloti alikwenda mazikoni. Alisimama nyuma kabisa. Watu walipotia udongo, Yuma alimwita kwa mkono, naye akatia.

Na Kabeya hawakumpata. Walirudi shimoni leo. Ni ule mti tu.

Nimefurahi kupata wangu. Halafu nimeona haya ya kufurahi. Nilimwita mtu mmoja kwa jina, akaja mwingine, nami nikampokea bila kuuliza.

Jumatatu, 20 Agosti

Gari limekuja kumchukua Shuka-na-Mayi. Safari hii hakubishana, wakubwa wake wameamuru.

Alikuja kwenye ua. Alisimama nje na Albert, mimi ndani. Niliona viatu vyake chini ya matete, kimoja hakina kamba. Albert alitafsiri. Alisema pole. Alisema alitua mahali pale kwa sababu kutoka juu aliona maji ya rangi nyeusi, akajua kuna kina. Hakujua kuna mtu. Alisema angependa kujua jina la mume wangu. Nikamwambia.

Akauliza, mto wa Kabeya umefungwa?

Nilikuwa sijasema basi. Ijumaa nilisahau, nani angekumbuka? Siku zangu tatu zimepita na neno sikulitoa. Yuma hakuniuliza. Nikamwambia Albert, mwambie bado.

Viatu vilisogea karibu na matete. Halafu akasema neno moja ambalo hata mimi nilielewa, alilijifunza bandarini. "Aksanti, Mama." Akaondoka. Aliacha sahani yangu juu ya nguzo ya ua. Safari hii imeoshwa kwa mchanga, inang'aa.

Jumapili, 2 Septemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha kama inamwagwa kwa ndoo. Mto umebadilika rangi. Mkia wa ndege umeanza kutikisika, watu wanasema itaondoka kabla ya mwezi kuisha.

Mariamu anakuja kila siku, anakaa. Tunabishana kuhusu chumvi. Anabisha vibaya, si kama ndugu yake, lakini anajitahidi.

Ijumaa, 14 Septemba

Ndege imekwenda. Asubuhi mchanga ulikuwa mtupu. Imeshuka na maji. Nilitazama ule utupu mpaka chakula kikaungua.

Nimemfikiria sana yule mwanamke wa Luluaburg. Nani atamwambia? Karatasi ya serikali itafika, imepigwa chapa. Hataiamini karatasi. Mimi nilikuwa na mashahidi wawili na sikuamini. Atapika chungu cha watu wawili. Usiku ataacha mlango bila komeo. Na huko kwao hakuna hata mto wa kuutukana, mto uko kwangu.

Jumapili, 23 Septemba

Eda imekwisha. Mariamu na wanawake wameniosha, wamenivisha kitenge cha kijani. Nimepelekwa makaburini, kwa mara ya kwanza. Udongo umeshakaa. Nimemwambia Amisi kila kitu, nimemlaumu pia kwa kuvuka siku ile na maji yale. Hakubisha. Hapo ndipo nilipojua kweli amekufa.

Kaka Feruzi amefika jana kutoka Kabambare kwa baiskeli, amechafuka matope mpaka nyusi. Ametaka tuondoke wiki hii. Sasa ningeweza, miguu iko huru. Nimemwambia nitakuja mvua zikiisha. Akauliza sababu. Nikasema nina mgeni ninayemngoja. Alinitazama kama mtu anayepima homa. Ni kaka mwema, hakuuliza tena.

Jumatatu, 24 Septemba

Feruzi ameondoka. Mariamu amekwenda kwake mapema, mvua ilikuwa inakuja.

Nimepika cha mtu mmoja. Kimetosha.

Halafu nililichukua komeo kutoka ukutani, mchwa walikuwa wameanza kulila upande mmoja. Nikalifuta. Nikalitia mlangoni. Liliingia vizuri, Amisi alilichonga mwenyewe. Nilikaa kitandani nikilitazama. Nyumba iliyofungwa ina sauti yake, nilikuwa nimeisahau.

Upepo ukasukuma mlango, ukagonga.

Nikasimama, nikalitoa. Mwalimu alinikataza kulia zaidi ya siku tatu, nami sikulia. Mlango hakuutaja. Nimeliegemeza komeo ukutani, mahali pake, nimeweka taa karibu na kizingiti, na sasa naenda kulala.